Mwalimu Mpya, Ukipangiwa Kusindikiza Wanafunzi

Leo nazungumza na walimu, hasa ninyi mlioripoti kituoni juzijuzi, bado mnajifunza majina ya walimu wenzenu, na tayari mmekuta majina yenu yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo: wasindikizaji wa ziara ya kimasomo. Hakuna aliyewauliza. Walimu wenye familia wamesema wana udhuru, wenye umri wamesema miguu inauma, na zamu imeangukia kwa mgeni. Wazazi nanyi msiondoke, maana wanaosafirishwa ni watoto wenu.

Nimepata barua ya mwalimu wa kike anayefundisha shule ya msingi mkoani Morogoro. Ameniruhusu niisimulie bila kumtaja. Walikwenda Bagamoyo na darasa la sita, na yeye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi. Walipofika kwenye magofu ya Kaole wakakuta shule nyingine zimewatangulia. Saa ya kuondoka mwalimu kiongozi akamwambia, "Hebu hesabu hao, twende." Akapita kwenye basi akigusa vichwa kimoja kimoja, idadi ikatimia, dereva akaondoa gari. Hawajafika mbali, binti mmoja wa viti vya nyuma akasema, "Mwalimu, huyu siyo wa shule yetu." Kweli. Mvulana mwenye shati jeupe na kaptura ya bluu kama wenzake wote alikuwa amechoka, akaona basi liko wazi, akapanda, akalala. Na mtoto wao mmoja alikuwa amebaki kule Kaole, kwenye kile chumba cha makumbusho, anaangalia vigae vya vyombo vya Kichina.

Basi likageuza. Mtoto wakamkuta salama, mwongozaji wa pale amemkalisha kivulini na kumpa maji. Walimu wa shule ile nyingine walikuwa wanahangaika vichakani wakimwita mtoto wao. Hakuna aliyeumia. Lakini mdogo wangu huyu anasema tangu siku hiyo usingizi umekuwa wa shida, ofisini wenzake wamempa jina la utani, na ameapa kutosindikiza tena. Anauliza, "Dada, nimekosea kuapa hivyo?"

Ndiyo, mdogo wangu, kiapo hicho kivunje. Nitakwambia kwa nini, na nitakwambia cha kufanya, na wenzako wasikilize maana yaliyokupata wewe yanaweza kumpata yeyote kati yao wiki ijayo.

Kwanza tuseme wazi kilichotokea. Ulipewa kazi ya kuhesabu watoto usiowajua. Mtu asiyewajua watoto anaweza kuhesabu vichwa tu, na kichwa cha mtoto wa shule ya jirani kinahesabika sawasawa na cha mtoto wako. Shule zetu nyingi za msingi sare ni moja, shati jeupe na bluu ya kiza chini. Kinachotofautisha ni sweta au beji, na kwa joto la pwani sweta liko kwenye begi. Yule binti wa nyuma hakuhesabu chochote. Alimwona jirani yake, akajua si Fulani. Ndiyo maana yeye aliona na wewe hukuona.

Kwa hiyo ukipangiwa tena, jambo la kwanza la kuomba ni orodha ya majina, na uiombe siku kadhaa kabla ya safari. Usikubali kupewa mlangoni mwa basi. Nenda kwa mwalimu wa darasa, kwa adabu, mwambie, "Mwalimu, naomba unigawie watoto wangu." Watoto kumi, kumi na wawili, wawe wako tangu asubuhi mpaka jioni. Na kila mwalimu mwingine awe na wake. Watoto wakiwa wa walimu wote kwa pamoja, kila mwalimu anaamini mwenzake ndiye anayeangalia, na mtoto mmoja anapotea katikati ya macho manane. Hili nalisema kwa uzito: ugomvi mwingi wa baada ya safari, ule wa "mimi nilidhani uko naye wewe", unatokana na orodha kutogawanywa.

Ukishapata majina yako, usiyaweke mfukoni ukasubiri siku. Tafuta vipindi viwili vitatu ukae na watoto hao. Waulize wanaishi wapi, nani ana ndugu humu shuleni, nani amewahi kupanda basi la mbali. Waambie wachague wawiliwawili, kila mmoja awe na mwenzake wa kumtafuta kwanza kabla ya kupanda gari. Siku ya safari huhesabu tena. Unaita jina, mtoto anajibu, wewe unamtazama usoni. Inachukua dakika moja zaidi. Dereva akipiga honi, mwache apige.

Nilipokuwa nafundisha nilisafiri na mwalimu mmoja mtu mzima, mwanamke mpole sana, ambaye kila tuliposimama alikuwa anatoa daftari lake na kuita majina hata kama tumeshuka kununua maji tu. Vijana tulikuwa tunaona anachelewesha. Lakini watoto wa kundi lake walikuwa wanatembea kwa utulivu ambao wa makundi yetu hawakuwa nao. Baadaye nilielewa: mtoto anayesikia jina lake likiitwa kila baada ya muda anajua kuna mtu atakayegundua asipokuwepo, na hana haja ya kung'ang'ania mkono wa mtu.

Sasa tuje kwenye yale mnayodharau kwa sababu yanafanyika kabla ya safari na hayana raha. Barua za wazazi zisomeni, msizikusanye tu. Mzazi ameandika pembeni kwa kalamu ya risasi kwamba mtoto ana pumu, na karatasi imeingia kwenye faili bila mtu kuiona. Mwenye pumu dawa yake ya kuvuta iwe mkononi mwako, kwa sababu begi lake litakuwa chini ya viti. Mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara na asichoshwe juani. Mwenye kifafa mwenzake ajue, na wewe ujue kumlaza ubavu na kutomtia kitu chochote mdomoni. Andika namba za simu za wazazi kwenye karatasi, maana simu yako itaisha chaji saa tisa alasiri, saa ambayo utaihitaji kuliko zote.

Kutoka Morogoro mpaka Bagamoyo mnapita Chalinze, mnakata Msata, kisha zile kilomita 64 za lami hadi mjini. Watoto wengi hawajazoea safari ya namna hiyo na watatapika. Siku hizi huna pa kutoa mfuko wa plastiki, ulipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo beba ndoo ndogo zenye mifuniko, maji ya kusuuza na matambara. Wanaochefuka wakae mbele, waangalie barabara, wasisome wala kuinama. Chai nzito ya maziwa na maandazi ya mafuta alfajiri ile si rafiki yao. Kipande cha mkate au kiazi kinatosha mpaka mfike. Na mtoto aliyetapika usimwache wamcheke. Mfute uso, mbadilishie shati kama lipo, endeleeni. Siku hiyo ataikumbuka kwa namna ulivyomshika.

Kuhusu basi lenyewe nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Tarehe 6 Mei 2017, Rhotia wilayani Karatu, basi la wanafunzi waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa kujipima katika shule nyingine lilitumbukia bondeni. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Taifa zima lililia. Kwa hiyo mwalimu mpya, hata kama wewe ndiye mdogo kuliko wote ofisini, una haki ya kuuliza kama gari limekaguliwa na askari wa usalama barabarani, kama dereva alilala usiku, na kama kila mtoto ana kiti chake. Watoto watatu kwenye kiti cha wawili hapana. Ukiona dereva anakimbia, simama, nenda mbele, mwambie kwa heshima, "Kaka, punguza, hawa ni watoto." Asipokusikia mwambie mwalimu kiongozi mbele yake. Wanaweza kukununia. Wanune.

Tukifika Bagamoyo, hapo ndipo moyo wangu unachangamka, na ndiyo sababu sitaki uache kusindikiza. Fikiria mtoto wa darasa la sita aliyesoma kuhusu miji ya pwani kwenye kitabu chenye picha iliyofifia. Leo amesimama Kaole mbele ya msikiti wa mawe ya matumbawe ulioanza karne ya 13. Anaona makaburi yenye nguzo. Anaelezwa kwamba bandari ilikuwa hapa, kisha mikoko ikaota na tope likajaa mpaka vyombo vikashindwa kufika, na watu wakahamia ilipo Bagamoyo ya leo. Anatazama kigae cha sahani ya Kichina na kujua kwamba bahari ile ilikuwa njia ya watu wa mbali sana karne nyingi kabla ya babu yake kuzaliwa. Yule mtoto wako aliyebaki kwenye makumbusho alikuwa anafanya kile ambacho safari iliandaliwa ili akifanye. Alikuwa anatazama kwa makini. Hilo lisikupite.

Kwa hiyo jiandae na wewe. Usimwachie mwongozaji kila kitu, kwa sababu yeye ana dakika chache na kundi jingine linasubiri. Soma jioni mbili kabla ya safari. Ukifika kwenye misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, watoto wataambiwa kwamba mwili wa mmisionari David Livingstone ulilazwa pale Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Wewe waongezee waliombeba. Chuma na Susi na wenzao walitoka naye Chitambo, ambako leo ni Zambia, alikofia Mei 1873, wakatembea miezi kadhaa kwa miguu mpaka pwani. Waulize watoto: mngekula nini njiani? Mngelala wapi? Mngewaambia nini watu wa vijiji mnavyopita na maiti begani? Utaona mikono inavyopanda.

Kisha kuna maswali mengine, na kwa haya mwalimu mpya hushikwa na kigugumizi. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia za misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Mtoto atauliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, waliokuwa wanawauza watumwa ni nani?" Na wakati anauliza, macho ya baadhi yatamgeukia mwenzao mwenye nywele laini au mwenye jina fulani. Kama hukujiandaa utasema sentensi moja ya haraka, na sentensi hiyo itamuumiza mtoto asiye na hatia mpaka akiwa mtu mzima. Waambie ukweli wote. Waambie ilikuwa biashara ya mikono mingi: watawala wa bara waliouza mateka wa vita, wafanyabiashara wa misafara, matajiri wa pwani, wenye mashamba ya karafuu Unguja na Pemba, na wanunuzi wa ng'ambo. Waambie soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara yenyewe haikukoma siku hiyo. Halafu waambie waziwazi kwamba hakuna mtoto yeyote kwenye basi letu anayedaiwa kwa yale, na uangalie nyuso zote unapolisema.

Chakula cha mchana sitakawia nacho: wanawe mikono, wale kwenye kivuli, na walimu wale baada ya watoto.

Bahari, hapo nataka kukaa kidogo. Watoto wa Morogoro wengi wataiona kwa mara ya kwanza, na mtoto anayeiona bahari kwa mara ya kwanza hasikii filimbi. Atakimbia. Kabla hamjashuka ufukweni muulize mvuvi au muuza samaki yeyote kama maji yanajaa au yanakupwa, maana hujaa na kupwa mara mbili kwa siku na ufuo uliokuwa mpana unaweza kuwa mwembamba mkiwa bado mnapiga picha. Walimu watangulie kuingia majini, wasimame upande wa bahari wakiwatazama watoto, na watoto wabaki kati yao na nchi kavu. Maji yasivuke magoti. Makundi yaingie kwa zamu, kundi moja ndani, mengine yamekaa mchangani. Na kabla ya kutoka ufukweni yaitwe majina, yote, hata kama mvua inanyesha. Usimnyime mtoto bahari kwa sababu ya woga wako, mdogo wangu. Mpange tu vizuri. Waache waonje chumvi na kupiga kelele wimbi linapogusa vifundo vya miguu. Wengine hawatarudi pwani mpaka wawe na kazi zao.

Mabinti. Hapa ndipo mwalimu wa kike kijana ni hazina na wengi hawajui. Darasa la sita na la saba ndiyo madarasa ambayo mabinti wengi hupata hedhi kwa mara ya kwanza, na mwili hauangalii ratiba ya ziara. Beba taulo za kike za kutosha, sabuni, chupi mpya mbili tatu, kanga moja. Waambie wasichana wote asubuhi, faraghani, kwamba vitu hivyo viko kwenye begi lako na hakuna haja ya kueleza, waseme tu "Mwalimu, naomba begi." Kagua vyoo kabla hawajaingia. Msiende nao mmojammoja, na mtoto yeyote asiongozane peke yake na mtu mzima, awe mwongozaji, awe konda, awe mwalimu mwenzako. Sheria hiyo iwe ya wote ili asijisikie mtu kwamba anatuhumiwa.

Kuna watoto ambao hawatakuwepo kwenye basi. Mchango wa safari uliwashinda nyumbani. Wewe ni mgeni, huwezi kubadilisha utaratibu wa shule kwa siku moja, lakini unaweza kuuliza mapema kwenye kikao kama kuna namna ya kuwabeba wawili watatu, na mara nyingi mtu mmoja akiuliza, anajitokeza mwingine aliyekuwa na wazo hilo akaona aibu kulisema. Ikishindikana, mkirudi usiwape wenzao insha ya "Safari yetu ya Bagamoyo" na hao wakakaa wanatazama dari. Waite waliokwenda wasimulie, na waliobaki wawe wa kuuliza maswali na kuchora ramani ya njia.

Picha pia. Najua unatamani kuweka kila kitu kwenye kundi la WhatsApp. Piga za kundi, za mbali, wapelekee wazazi. Uso wa mtoto anayelia, anayetapika au aliyelowa maji baharini si wa kusambazwa.

Mkirudi, kazi haijaisha basi linapoingia getini. Hapo ndipo walimu huchoka wakaaga. Giza linaingia, wazazi wengine wamekuja, wengine wamemtuma kaka, bodaboda amesema ametumwa na mama. Shika orodha yako. Mtoto anakabidhiwa kwa mtu anayejulikana, na jina linawekewa alama. Asiyefuatwa anabaki na wewe na mwalimu mwingine mpaka simu ipokelewe. Ukimaliza jina la mwisho ndipo ukae chini uvue viatu.

Sasa narudi kwako, mwenye barua. Umeandika ukurasa mzima kuhusu aibu yako, na mwishoni kabisa ukaweka sentensi moja kwamba mtoto aliyebaki Kaole alichapwa siku iliyofuata kwa "kujitenga na kundi". Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Mtoto yule hakujitenga. Aliingia kwenye chumba alichoambiwa aingie, akatazama alichoambiwa atazame, na watu wazima wakaondoka. Kama ofisini wanakucheka, hilo litapita. Yeye amejifunza kwamba akiachwa, kosa ni lake, na hilo halitapita lenyewe.

Nenda kwake wiki hii. Mkalishe mahali penye watu lakini pasipo na masikio, umwambie kwamba ninyi walimu mlimwacha, kwamba hakufanya kosa, na kwamba unasikitika. Kisha nenda kwa mkuu wa shule umweleze hivyohivyo, kwa sauti ya chini na bila kulaumu mtu, na uombe mzazi wake aitwe aelezwe ukweli na shule, asiusikie mtaani. Utaogopa. Nenda hivyohivyo, ikibidi mtafute mwalimu mmoja unayemwamini akusindikize. Na ukikaa na mtoto, muulize aliona nini kwenye vile vigae, maana katika barua yako yote hakuna aliyemuuliza.